Sheria ya Mikono Mbali

Mtambuzi aliandika: uhakika, asilimia tisini na tisa. Namsifu Mbwambo aliisoma namba hiyo akiwa amesimama, kikombe cha uji mkononi, akajisikia raha kidogo. Mtambuzi, programu ya kusomea sajili, alikuwa mtoto wa kichwa chake, na kila mzazi hufurahi mwanawe akijibu bila kubabaika. Kisha akateremsha macho kwenye safu ya pili, na hamu ya uji ikamtoka.

Safu ya pili ni safu ya hali. Kwa vijiji vingine vyote vya mlimani iliandikwa hai, hai, hai, na hapa na pale marehemu, kama ilivyo popote penye watu. Kwa Lukunda iliandikwa marehemu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kijiji kizima kilikuwa kimekufa, na jana tu viongozi wake walikuwa hewani wakimfokea fundi wa Kituo kwa sababu ya mabomba yao ya maji.

Kesho saa sita mchana sajili mpya ingeanza kazi. Kuanzia hapo kila pampu iliyofungwa kwenye kifua cha mtu wa mlimani ingekiuliza Kituo Kikuu, "Unanijua?", na Kituo kingetazama safu ya pili kabla ya kujibu. Pampu ya marehemu haipewi ruhusa ya dozi. Dawa ni adimu, na wafu hawapumui. Pampu iliyonyimwa ruhusa mchana huanza kukwama jioni, na mapafu yaliyokwisha kula vumbi hayamvumilii mtu hadi alfajiri. Wala hapakuwa na namna ya kuahirisha, kwa kuwa mtambo wa zamani ulikuwa unaishi kwa betri zilizokwisha chakaa, na hizo nazo zilikuwa zikikata roho.

Kabla ya kumlaumu Mtambuzi, ni haki kujua alivyofikiri. Vijiji vilikuwa vimeweka sajili zao kila kimoja kwa mtindo wake. Wengine walitenga jina na umri kwa mkato, wengine kwa nukta mkato, wengine kwa mstari wima, ikitegemea fundi aliyewafungia kompyuta miaka ya Vumbi Kuu na mazoea yake. Mtambuzi hupewa faili bila kuambiwa lolote. Huhesabu kila alama katika kila mstari, kisha huitafuta ile iliyo aminifu, inayojitokeza idadi ileile ya mara kwa kila mtu. Majina hurefuka na kufupika, maradhi huja na kwenda, lakini kuta za nyumba hubaki palepale. Alama isiyobadilika ndiyo ukuta, na hapo ndipo Mtambuzi hukata.

Watu wa Lukunda walitenga kwa nukta mkato. Tatizo ni kwamba waliitumia pia kati ya ugonjwa na ugonjwa, kwa hiyo mzima alikuwa nazo chache na mgonjwa nyingi. Mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, ulikuwa jambo jingine kabisa. Huko Lukunda mtu haandikwi peke yake. Wakati wa Vumbi Kuu maiti zilikuwa nyingi kuliko mikono ya kuzika, na waliobaki wakaapa kwamba kila aliye hai atambeba mmoja aliyekufa, pamoja na aliyemzika, ili asidondoke mtu. Ndiyo maana mistari yao ilianza hivi:

Nakijwa/marehemu Namcheja/alizikwa na Elieta; mwanamke; hai;

Mikwaju miwili kwa kila mtu, toka mtoto mchanga mpaka kikongwe, bila kukosa. Hakuna kijiji kilichowahi kumpa Mtambuzi alama aminifu kuliko hiyo. Akakata hapo, akaingia kwenye vipande vinavyofuata jina kutafuta hali ya mtu, akasoma neno la kwanza la hali alilokutana nalo. Msema pweke hakosi, na Mtambuzi hakuwa na wa kubishana naye.

*

Mkurugenzi Semvua alimsikiliza huku akifuta miwani yake. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyependa kumaliza mazungumzo kwa swali.

"Ni neno moja tu, Mkurugenzi," Namsifu alisema. "Nikiandika kwamba kitenganishi cha Lukunda ni nukta mkato, yamekwisha."

"Nani anaandika?"

"Mimi."

"Kwa mkono gani, Namsifu?"

Sheria inayokataza mtu kugusa sajili ina jina refu serikalini, lakini watu huiita Mikono Mbali, na yeye ndiye aliyeililia mpaka ikapita. Miaka hiyo karani wa sajili alikuwa mungu mdogo. Akimtaka shangazi yake apumue, anampachika. Akipata mnunuzi wa nafasi, anamfuta mtu. Chediel, mdogo wake Namsifu, alifutwa akiwa kitandani, hajiwezi. Karani alikuja na tabasamu, akakishika kidole gumba cha mgonjwa, akakigandamiza kwenye kioo, na kioo kikakubali kwamba Chediel amehiari kumwachia mwingine nafasi yake. Akafa kabla dada yake hajafika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Namsifu aliushtukia unyasi wote wa nchi. Alimtengeneza Mtambuzi ili faili liingie kutoka kijijini hadi kwenye pampu bila kuguswa na binadamu. Kibodi pekee iliyobaki ilifungiwa ndani ya kabati la kioo, kwa muhuri wa Baraza.

"Ulisimama mbele ya Baraza," Semvua alisema taratibu. "Nilikuwepo. Ulisema hata mkono wa malaika usiguse."

"Najua nilichosema."

"Basi sheria imeacha njia. Kijiji kinaweza kujisajili upya, kila mtu kwa mdomo wake. Faili jipya linalifuta la zamani. Panda Lukunda leo. Au una njia nyingine?"

Hakuwa nayo. Alichukua gari la Kituo na kifaa cha kusajilia, na alipokuwa anatoka Semvua akamwambia awasalimie wagonjwa. Namsifu aliona ni maneno ya adabu tu.

*

Nakijwa, mwenyekiti wa Lukunda, alimpokea mlangoni mwa ukumbi bila kumwonyesha kiti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye tabia ya kumwacha mtu aumalize uongo wake wote ndipo amjibu. Namsifu hakuwa na uongo wa kumaliza. Alisema yote mfululizo, mbele ya ukumbi uliojaa watu.

"Kwa hiyo sisi tumekufa," Nakijwa alisema.

"Kwa mashine, ndiyo."

"Na wa kutufufua ni sisi wenyewe."

"Mkijisajili upya kabla ya jua kuzama. Kila mtu aseme jina lake, umri, hali, maradhi na namba ya pampu. Basi. Asimtaje anayembeba."

Mtu akauliza kutoka nyuma kama wangeweza kuwataja mwishoni badala ya mwanzoni. Namsifu akatikisa kichwa. Lolote linalojirudia vilevile kwa kila mtu lingeweza kumdanganya Mtambuzi tena, na hakuwa tayari kubahatisha na roho zao.

Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na hotuba kichwani kuhusu walio hai na waliotangulia, yenye kunyenyekea mwanzoni na ukali kidogo mwishoni. Haikuhitajika.

"Namcheja hana pampu," Nakijwa alisema, akikunja mikono ya gauni lake. "Alikufa mimi msichana. Atanielewa. Jamani, pangeni foleni, wenye watoto mbele."

Wakapanga. Wazazi waliwasemea watoto, kama sheria inavyoruhusu, na wakubwa wakajisemea. Baba mmoja mwenye koti lililochanika mabegani alisema jina lake, akanyamaza, mdomo wazi, kama mtu aliyeenda kukanyaga ngazi asiikute. Kifaa kikamwambia, "Endelea." Akaendelea na umri. Alipomaliza hakutoka nje. Alienda kusimama pembeni, akauelekea ukuta, na Namsifu akamsikia akiunong'onezea jina la marehemu wake na la aliyemzika. Waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Mpaka jioni ule ukuta ulikuwa na foleni yake. Namsifu aliona haya, haya ya kweli, ya kutotaka kumtazama mtu usoni.

Foleni ilipokwisha akalijaribu faili jipya kwenye kifaa. Mtambuzi alichukua muda. Hatimaye akachagua nukta mkato, uhakika asilimia sabini na mbili, na safu ya pili ikajaa walio hai. Safari hii alikuwa na shaka, na alikuwa sahihi.

"Mmepona," Namsifu alisema kwa furaha.

Nakijwa hakutabasamu. "Bado wodi," alisema.

*

Wodi ya mirija ilikuwa nyuma ya ukumbi. Waliolala humo hawakufika ishirini, na kila mmoja alikuwa na mrija kooni, kwa sababu vumbi likishakomaa huziba koo kabla ya kumaliza mapafu. Walikuwa macho. Walisikia. Waligeuza nyuso zao kumtazama mgeni, wala hakuna aliyeweza kutoa neno.

Namsifu alisimama mlangoni akaelewa salamu za Semvua.

Kitanda cha kwanza kilikuwa cha Kajiru, mume wa Nakijwa. Mkewe alimkalia ukingoni na kumpanguza shingo.

"Nitamsemea mimi," alisema. "Nimemsemea tangu tuoane, hata alipokuwa na sauti."

"Kifaa kinatambua sauti, mama. Kinamruhusu mzazi kumsemea mtoto tu; wewe kitakuambia umeshasajiliwa."

"Basi ataandika. Kidole chake kizima."

"Kidole hakikubaliwi."

"Nani alikikataa?"

"Mimi," Namsifu alisema.

Akamweleza habari za Chediel. Alieleza akiwa amesimama, mikono nyuma, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona kwamba hadithi iliyowahi kulitoa machozi Baraza zima ilikuwa haitoshi kwenye chumba hiki. Wagonjwa walisikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa mdogo wako," Nakijwa alisema. "Nakupa pole ya kweli. Lakini wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wewe umechimba, anaingia mume wangu."

"Kama nisingeichimba, makarani..."

"Najua makarani. Sisi tulizika walioachwa na makarani, na mpaka leo asubuhi tulikuwa tunawabeba." Hakupandisha sauti. "Umetuomba tuwatue, tumewatua. Sasa nakuomba na mimi. Wewe una mkono."

Kajiru aliinua kidole, akaandika polepole kwenye kiganja cha mkewe. Nakijwa alikisoma kiganja kwa ngozi, macho yakiwa ukutani, na ilionekana hiyo ndiyo lugha yao ya siku nyingi.

"Anasema nini?" Namsifu aliuliza.

"Anauliza kama mgeni amekula."

Waliletewa makande, Namsifu akala vijiko viwili kwa heshima, akaondoka na faili jipya ambalo wagonjwa wa wodi hawakuwamo.

*

Njiani kushuka alijipigia hesabu zote mbili, na zote zilikuwa chungu.

Muhuri wa lile kabati haukuwa nakshi. Ukivunjwa, mashine hukubali mikono, na haichagui mkono wa nani. Hubaki hivyo mpaka Baraza likutane na kulifunga upya, na Baraza hukutana linapopenda. Muda wote huo kila mwenye funguo za chumba angeweza kuketi pale na kufanya walichofanya makarani. Vijiji vyote vya mlimani vilikuwa vimekubali kuitia sajili yao hapa kwa sababu moja tu, kwamba hakuna anayeweza kuketi pale.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na mtu anayesubiri kufa kesho usiku, anayeuliza kama mgeni amekula.

Alijiambia kwamba sheria huokoa wengi, na ni kweli. Akajiambia Chediel angekuwa wodi ile, yeye angekwisha kulivunja hilo kabati zamani, na hilo pia ni kweli. Alilia kidogo kwenye kona za mlima, akanyamaza alipofika tambarare, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na ilimtaka aone.

Asubuhi aliingia chumba cha kabati kabla ya wengine kufika. Aliviringisha mtandio kwenye mkono, akapiga kioo. Hakikupiga kelele nyingi. Taa nyekundu ikawaka juu ya mlango, na Namsifu akavuta kiti, akaketi mbele ya kibodi ambayo aliapa kwamba haitaguswa hata na malaika.

Aliandika mmoja mmoja. Alikuwa amepewa na Nakijwa kila alichohitaji, naye aliandika kwa uangalifu: jina, umri, hai, maradhi, namba ya pampu. Alipofika kwa Kajiru alikosea, akafuta, akaandika upya. Hesabu ya dozi za Lukunda ilibaki ileile, kwa sababu nafasi hizo zilikuwa zao tangu awali. Hakumnyang'anya mtu. Alilishika wazo hilo kwa nguvu. Nimerudisha tu, alijiambia. Mkono unaorudisha si sawa na mkono unaochukua.

Alipomaliza wa mwisho, mashine ikauliza kama kuna mwingine. Ndipo aliposikia mlango.

Semvua aliitazama taa nyekundu, akatazama vioo sakafuni, akavipita kwa hadhari asije akakata kiatu. Hakukasirika. Alivuta kiti cha pili akakiweka karibu, kama mwenzake kazini.

"Wote umewaweka?" aliuliza.

"Wote wa wodi. Niitie polisi, Mkurugenzi. Nimevunja muhuri mwenyewe, na nitasema hivyohivyo barazani."

"Polisi wa nini? Watu walikuwa wanakufa. Baraza likisikia ni wewe, Namsifu Mbwambo, dada yake Chediel, litasema palikuwa na haja. Hakuna mwingine ambaye lingemsamehe." Alivua miwani. "Mimi ningelivunja, leo ningekuwa ndani."

Namsifu alimgeukia.

"Ulijua kuhusu ile wodi."

"Kila mkurugenzi anajua wodi zake."

"Ulinituma nikawaone."

"Nilikutuma ukafuate sheria. Ulichokiona huko ukakiamulia mwenyewe." Akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani, na kwenye kioo chake yalikuwepo majina machache. "Yupo mama yangu mkubwa. Yupo mtoto wa jirani, miaka sita, anasubiri nafasi tangu azaliwe. Sio watu wabaya, Namsifu. Hata pesa ya mtu sijachukua."

"Nafasi hakuna. Ukiweka mmoja, lazima mwingine atoke."

"Najua."

"Atoke nani?"

"Kila kijiji kina wodi yake ya mirija," Semvua alisema. "Watu wa mle hawapigi kelele."

Namsifu alikuwa na maneno mengi, yale ya barazani, yaliyowahi kuwaliza watu wazima, na alijua moja baada ya jingine jinsi angejibiwa. Angesema mkono usiguse, na mikono yake yenyewe ilikuwa bado juu ya kibodi. Angesema wa kwake walikuwa wanakufa, na mtoto wa miaka sita naye alikuwa anakufa. Angemwambia yeye alirudisha tu, na Semvua angemuuliza ni mashine gani inayojua tofauti. Kwenye kioo swali lilikuwa bado linangoja, kama kuna mwingine.

"Nipishe kidogo, dada," Semvua alisema kwa upole.

Angeweza kukataa kuinuka. Alilifikiria hilo kwa miaka mingi baadaye, kwamba kiti kilikuwa chake na hakuna aliyemshika mkono. Lakini saa sita ilikuwa inakaribia, na ili majina ya wodi ya Lukunda yaingie ilibidi mtu abonyeze kukubali, na Semvua alikuwa ameweka kidole chake juu ya kitufe cha kufuta, hajakibonyeza, anasubiri tu kwa adabu.

Namsifu akasimama, akampisha.